Mtoto wa Watu Analia

Nilikuwa na hakika kwamba mwanangu amekufa na kwamba wote wananificha. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu kila nililolifanya katika wodi ile ya mazoezi lilitokana na hakika hiyo: maneno makali niliyoyatoa, chakula nilichokisukuma, machozi niliyomliza mume wangu. Sikuwa na shaka hata chembe. Mwenye shaka huuliza. Mimi niliacha kuwauliza, nilijua.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu mimba, nikaambiwa ndiyo mimba yenyewe. Baada ya kujifungua kikaendelea, nikaambiwa ni kukosa usingizi. Mpaka nilipoanguka bafuni nikatetemeka mwili mzima ndipo nikapigwa picha ya kichwa, na daktari akamwambia mume wangu kwamba kuna uvimbe upande wa kulia wa ubongo, mkubwa kama limau, na si wa kusubiri. Mtoto hata kitovu chake kilikuwa hakijapona vizuri. Nilimnyonyesha, nikamkabidhi mama mkwe, nikasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kwenda kupasuliwa huku nikitazama taa za dari zinavyonipita. Hapo ndipo nilipomwona mwanangu mara ya mwisho.

Nilipozinduka akili zangu zilikuwa zangu zote. Niliwajua watu wangu, nilijua kazi yangu, nilikumbuka hata rangi za nywele za bandia nilizoziacha saluni zikisubiri wenyewe. Mimi ni msusi. Wateja wangu wananiita Mkono Mwepesi kwa sababu nasuka mtu akasinzia, na nikiwapa mgongo huongeza kwamba mdomo wangu nao ni mwepesi. Daktari aliniuliza maswali yake, nikamjibu yote na nikamwambia kwamba nywele zake zinakatika pembeni, apunguze kuzivuta. Walicheka. Walisema nimepona. Ila mguu na mkono wa kushoto vilikuwa vimelala, wakanihamishia wodi ya mazoezi.

Huko nikakutana na mtaalamu wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na subira ya kukera. Nilimbandika jina la Kushoto, maana tangu anaingia mpaka anatoka neno lake lilikuwa hilo moja. Tazama kushoto. Geuka kushoto. Mkono wa kushoto uko wapi? Nilimwambia uko mahali pake. Akaniambia ubongo wangu umeusahau upande wa kushoto, siyo mkono tu, kila kitu kilichoko huko. Nikamwambia naona vizuri sana, asante. Sikuwa najitutumua, nilisema ninavyoona. Sikuona giza upande ule, wala ukungu. Dunia yangu ilikuwa nzima. Iliishia pale inapoishia, kama chumba kinavyoishia ukutani, na sijapata kumsikia mtu akilalamika kwamba haoni nyuma ya ukuta.

Kulikuwa na viroja, siwezi kukataa. Nilikuwa nikimaliza chakula changu nalalamika kwamba hospitali hii inawapunja wagonjwa, nesi anazungusha sahani, na pale pale nakuta chakula kingine hakijaguswa. Nilidhani ni kiinimacho. Nilimwambia nesi kama ana ufundi wa namna ile aache kazi akafanye maonyesho.

Sasa, wageni. Mume wangu alikuja kila siku akitoka karakana, mikono inanuka grisi hata baada ya kunawa. Mama yake naye alikuja, lakini huyo nilimsikia zaidi ya nilivyomwona. Sauti yake ilikuwepo chumbani, mwenyewe hayupo. Ananisalimia, naitazama sauti, namkuta mume wangu tu amekaa na mikono mitupu. Nikajiambia kwamba mama mkwe anasimama nyuma ya pazia kwa sababu hawezi kunitazama usoni. Na kwa nini mtu ashindwe kumtazama mkwewe usoni, kama siyo kwamba alikabidhiwa mtoto na mtoto hayupo?

Siku ya kwanza nilipouliza mtoto yuko wapi, mume wangu alitabasamu akasema, “Huyu hapa.” Nilitazama. Hapakuwa na mtu. Nilimtazama yeye, na yeye akanitazama, bado anatabasamu, na tabasamu likawa linamfia mdomoni taratibu. Sitalisahau. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba wamekubaliana kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nipate nguvu. Wanasema huyu hapa kama unavyomwambia mwendawazimu. Sikuuliza tena, na kila waliposema huyu hapa, mwone alivyokua, mwone anacheka, nilifumba macho. Watu wazima, wenye akili zao, wanamchezea mtoto ambaye hayupo.

Halafu kulikuwa na maziwa. Titi langu la kulia lilikuwa linajaa mpaka linakuwa gumu kama jiwe, linaniuma hadi kwapani. Nesi alikuwa anakuja kulikamua kwenye kikombe na kuondoka nacho. Nilidhani anakwenda kuyamwaga. Nilikuwa nikikitazama kikombe kile kinavyotoka mlangoni na moyo unanipasuka, kwa sababu mtoto akiwa hai hakamuliwi mama yake kwenye kikombe. Huo kwangu ulikuwa ushahidi tosha. Nilisubiri tu mtu mmoja awe na ujasiri wa kunitamkia.

Wodi yetu ilikuwa na vitanda viwili. Jirani yangu, upande wangu wa kulia, alikuwa mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi, na katika maneno yote aliyofundisha watoto wa watu maisha yake yote alikuwa amebakiwa na neno moja tu, “ndiyo”. Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama yeye ni rubani wa ndege, ndiyo, na anacheka mpaka shuka linaanguka. Siku moja tulipobaki wawili nilimuuliza polepole, mwalimu, mwanangu yuko hai? Akajiinua kwenye mto. Akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akinyoosha kidole kunipita mimi, huko upande mwingine, macho yamemtoka. Nilimshukuru. Nikageukia dari nikalia, kwa sababu mtu pekee aliyeniambia yu hai ni yule anayesema ndiyo kwa kila kitu.

Kilichovunja mambo ni kilio. Ilikuwa mchana wa wageni, mume wangu yuko mbele yangu, sauti ya mama mkwe ipo mahali fulani inanong'ona. Mtoto akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, kile kilio cha njaa cha mtoto mchanga ambacho hakina adabu, na mimi nikajua kinatoka wodi ya watoto, nyuma ya ukuta. Titi langu la kulia likaanza kuchuruzika lenyewe, gauni likalowa. Nilikasirika. Nikamwambia mume wangu, “Mtoto wa watu analia hivyo, mama yake hana hata haya?”

Mume wangu si mtu wa kulia. Nilimwona akimzika kaka yake ameuma meno tu. Lakini alisimama, akajishika ukutani, akatoka kwenye korido, na nilimsikia huko akilia kama mtoto mwenzake yule. Kilio cha mtoto nacho kilikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndipo nikaona basi, inatosha. Wamejificha vya kutosha.

Kesho yake nilikataa uji, nikakataa dawa, nikakataa mazoezi. Kushoto alikuja akaniomba, nikamtolea uvivu, yeye na kushoto kwake. Alipoona hanipati akawaita watu wangu waje kabla ya saa za wageni. Mume wangu akaja na nguo za kazi. Sauti ya mama mkwe nayo ikaja. Nikawaambia wote kwa pamoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sitakula tena mpaka nipelekwe.

“Upelekwe wapi?” mume wangu akauliza.

“Kwenye kaburi la mwanangu.”

Nilimwona mume wangu amebaki mdomo wazi, na kitambaa alichokuwa anafutia mikono kimemdondoka. Mwalimu kwenye kitanda chake hata ndiyo yake ilimkauka. Ndipo sauti ya mama mkwe ikasema, taratibu, na ilikuwa inatetemeka kuliko nilivyowahi kuisikia, “Kaburi la nani, mwanangu? Si huyu hapa ananyonya?”

Nilimwambia aache. Nilimwambia mambo mengine pia, ambayo mkwe hamwambii mama mkwe wake, na mume wangu hakunikataza. Kushoto ndiye aliyeinua mkono tunyamaze. Alikuwa amepauka. Alivuta kiti akakaa mbele yangu na akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: tangu nilipofanyiwa upasuaji, nimemwona mwanangu mara ngapi? Nikamwambia hata mara moja.

Akafunika mdomo kwa kiganja. Baadaye nilikuja kuambiwa vizuri mambo yalivyokuwa. Siku niliyoingia wodini pale, Kushoto aliwaagiza watu wangu, kama anavyowaagiza watu wa kila mgonjwa wa aina yangu, kwamba chochote ninachokipenda kikae kushoto kwangu: maji, simu, viti vya wageni, kila kitu, ili nikitafute na kwa kukitafuta ubongo wangu ujifunze njia. Watu wangu ni watiifu. Waliuliza ninapenda nini kuliko vyote. Jibu lilikuwa wazi, na jibu hilo wakawa wanalilaza kwenye mkono wangu wa kushoto kila siku ya Mungu, mama mkwe akikaa ubavuni kwa upande ule kumshikilia asianguke. Kulia hawakuweza kumweka hata wangetaka, mwanzoni kulikuwa na dripu, na ilipotolewa walikuwa wameshazoea; maziwa ya kikombe alikuwa akipewa usiku nyumbani. Mume wangu aliruhusiwa kukaa kulia kwa sababu ya kusaidia kunigeuza tu, na hata hivyo aligombezwa. Kushoto alijua simwoni mtoto vizuri. Ila alidhani ninajua yupo, kwa kuwa naambiwa. Na watu wangu walidhani ninajua yupo na simtaki. Mama mkwe alikuwa ameshamwambia mwanawe afanye subira, kuna wazazi moyo unachelewa kumpokea mtoto.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule Kushoto hakunieleza kitu, maana alikuwa ameshanieleza mara chungu nzima na maelezo yalikuwa hayaingii. Aliniuliza tu, kana kwamba tunapiga soga, nikiwa kazini mteja wangu namtazama wapi.

“Kwenye kioo,” nikamjibu. “Msusi anatazama wapi kwingine?”

Akatoka mbio. Alirudi anasukuma kioo kirefu cha magurudumu, kile cha chumba cha mazoezi ambacho watu hujifunzia kusimama wima. Akakiweka upande wangu wa kulia, kati yangu na mwalimu, akakielekeza kwangu. Akaniambia nimweleze ninachokiona, kama mteja aliyeingia saluni.

Nilikuwa sijajitazama tangu upasuaji, hawakuniletea hata kioo cha mkononi. Niliona mwanamke ameketi kitandani. Mashavu yamejaa kama ameuma maandazi mawili. Kitambaa kimemtelemka, na chini yake kichwa kimenyolewa upande mmoja, kovu limepinda kutoka sikioni kwenda juu, upande wa pili nywele zimesimama ovyo. Nikamwambia Kushoto kwamba aliyemnyoa yule mama hivyo alistahili kunyang'anywa wembe. Nikasema nitahitaji kumnyoa kote ndipo nianze upya. Nikasema pia kwamba mama wa watu ana bahati yake, pamoja na kichwa kile.

“Bahati gani?” Kushoto akauliza.

“Si ananyonyesha.”

Kwenye mkono wa yule mwanamke kulikuwa na mtoto amelazwa juu ya mto, mdomo kwenye titi, mguu mmoja umetoka kwenye blanketi. Pembeni yake bibi mmoja amemshika mgongo kwa kiganja. Nilimjua yule bibi. Alikuwa mama mkwe wangu, na machozi yanamtiririka. Nilipomwona nikafoka, kwa nini mama mkwe wangu anamshikia mtoto mwanamke mwingine? Nikaunyoosha mkono wangu wa kulia kumsonta mwanamke huyo. Na yule mwanamke kwenye kioo akaunyoosha wake kunisonta mimi.

Sijui nieleze vipi. Nimepata kuona gari likimgonga mtu, nimepata kuambiwa nina uvimbe kichwani, hakuna lililonipiga kama kidole kile. Niliushusha mkono, akaushusha. Niliushika mdomo, akaushika. Yule mwenye kichwa kilichonyolewa vibaya ni mimi. Yule anayenyonyesha ni mimi. Ninanyonyesha, sasa hivi, wakati ninadai kaburi, na sisikii kitu, hata mdomo wa mtoto kwenye mwili wangu siusikii. Nilipiga ukelele, na kwenye kioo mtoto akashtuka, akaachia titi, na kile kilio cha mtoto wa watu kikaanza.

Kushoto aliushika mkono wangu wa kulia akaupitisha kifuani, akauvusha, akauvusha tena, mpaka vidole vikagusa kichwa. Vichwa navijua. Kilikuwa cha moto, kimelowa jasho la kunyonya, nywele laini zimesokotana kisogoni, na kisogo chenyewe kimetokeza nyuma kama cha baba yake, kile ambacho nilikuwa nakitania tangu uchumba. Nilikipapasa kotekote. Utosi ulikuwa unadunda chini ya kidole changu. Mtu aliyekufa hadundi.

“Nipeni,” nikasema. “Nipeni huku nimwone.”

Mume wangu ndiye aliyemhamisha. Alimnyanyua kutoka pale ambapo hapakuwa na kitu, na mtoto akatokea hewani mikononi mwake, hivyo ndivyo nilivyomwona, akalazwa kwenye mkono wangu wa kulia. Alikuwa amekua. Shingo imepata mikunjo, nyusi zimeota, vidole vya mikono vimenenepa. Mambo yote hayo yametendeka ubavuni mwangu na mimi nikimwombolezea. Nilimwita. Nilimsogezea titi la kulia, lile lililojaa, lile la kikombe.

Hakulitaka. Alinitazama kwa mshangao kama wangu, uso ukakunjamana, akaanza kulia. Nilimbembeleza, akajipinda mgongo. Alikuwa ananyoosha shingo kuelekea ng'ambo ya pili ya kifua changu, anatafuta, analia anatafuta. Nilimuuliza mama mkwe ana nini. Mama mkwe akasema kwamba mtoto hajawahi kuniona kwa upande huu. Tangu aanze kutambua nyuso, anayemjua ni yule wa upande ule: shavu lile, sikio lile, harufu ya kwapa lile. Huku alikokuwa sasa palikuwa na mama wa watu.

Ningeweza kumng'ang'ania. Nilikuwa nimemlilia vya kutosha, nani angenilaumu? Naye angezoea, watoto huzoea. Lakini alikuwa analia mpaka anakosa pumzi, na macho yake yalikuwa yanapita juu yangu kunitafuta mimi. Nikamwambia mume wangu amrudishe.

Alimnyanyua, akamvusha, na mtoto akatoweka. Akatoweka kabisa, kama hajawahi kuzaliwa, na roho ikaniruka upya ingawa sasa nilijua. Kioo kilikuwa kimesogezwa. Kilio kilinyamaza. Sikusikia uzito wowote, wala joto, wala kitu. Kilichobaki ni mimi, dari, na mwalimu aliyekuwa anajifuta macho kwa ncha ya shuka.

“Mama,” nikaita, “yupo?”

“Yupo, mwanangu.”

“Anafanya nini sasa?”

Nilisikia kiti cha mama mkwe kikilia, nadhani alikuwa anainama kumtazama.

“Anakutazama,” akasema. “Kila siku akishashiba hukutazama hivi, mpaka asinzie.”

Kushoto akauliza kama nataka wamlete tena kulia, polepole, kidogo kidogo, mpaka azoee.

“Mwacheni hapo hapo,” nikamwambia. “Mimi ndiye nitakayemfuata.”

Akanishika kidevu, nami nikaanza kugeuza shingo.